Mwenzako Amebadilika? Muulize Kabla ya Kumhukumu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya pesa za nyumbani, wakwe, malezi ya watoto na pombe. Leo nawaomba tukae kidogo na jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini, au hatulitaji kabisa: ugonjwa wa akili ndani ya ndoa. Sizungumzi juu ya yule mtu anayezunguka sokoni na magunia akiongea peke yake, ingawa naye ni mtoto wa mtu, na pengine ni mume au mke wa mtu. Nazungumza juu ya mwenzako unayelala naye kitanda kimoja.

Oktoba 2025, juma lile la Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992, parokia yetu iliombwa kutuma watu wawili kwenye mkutano wa siku tatu kuhusu afya ya akili. Paroko alimchagua mwenyekiti wa Wanawake Wakatoliki, na mimi katekista. Nitasema ukweli: sikutaka kwenda. Ulikuwa wakati wa kuvuna mahindi, na nilidhani tutasomewa maneno makubwa ya wasomi ambayo mtu wa kidato cha nne kama mimi hayamfai kitu. Nilikwenda kwa utii, na kwa sababu nauli ilikuwa imelipwa.

Asubuhi ya siku ya kwanza muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili, mama wa makamo aliyezungumza polepole, alitugawia vipande vya karatasi. Akatuambia kila mmoja aandike jina ambalo watu wa kwao humwita mgonjwa wa akili. Tulicheka, tukaandika. Kisha akakusanya karatasi zile na kuzisoma moja baada ya nyingine. Haikuchukua muda, ukumbi ukawa kimya. Kila jina lilikuwa tusi. Alipomaliza alizipanga mezani, akatutazama, akauliza: "Kwa majina haya, nani kati yenu angerudi nyumbani jioni amwambie mke wake kwamba akili yake inaumwa?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mimi pia sikuinua.

Daktari aliyefuata alitueleza kwamba magonjwa ya akili ni mengi, kama vile magonjwa ya tumbo yalivyo mengi. Yuko anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Yuko anayepandwa na furaha isiyo na kiasi, akagawa mali na kukesha siku tatu, kisha akaanguka katika giza. Lakini alikaa zaidi kwenye ugonjwa wa huzuni, ule unaoitwa dipresheni, maana ndio unaoingia nyumba nyingi bila kupiga hodi. Mgonjwa wake hapati tena raha katika mambo aliyoyapenda. Usingizi humtoka, hasa kabla ya alfajiri, au hulala kutwa na bado akaamka amechoka. Chakula huwa kama udongo mdomoni. Kazi ndogo humlemea. Hujiona hana faida kwa mtu yeyote, na akiwa mtu wa sala hujiona kwamba hata Mungu amemwacha. Hali hii ikikaa majuma mawili, karibu kila siku, si huzuni ya kawaida tena; mtu huyo anahitaji kuonwa na daktari. Kisha akaongeza jambo ambalo wanaume tuliokuwa pale tulilisikia tukiwa tumeinamisha vichwa: kwa mwanamume, mara nyingi ugonjwa huu hauji na machozi. Huja na hasira, ukimya na chupa.

Nilikuwa nikiandika haya yote katika daftari langu, na hapo kalamu ikasimama. Nilimkumbuka fundi seremala wa kigango chetu.

Ilikuwa mwaka 2018. Kwetu padre hufika mara moja kwa mwezi, kwa hiyo shida nyingi hupitia mlangoni kwangu kwanza. Mke wa fundi huyo alinijia baada ya ibada ya Jumapili, akaniambia: "Mwalimu, mume wangu haendi kazini. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda akiangalia sakafu. Saa tisa za usiku namkuta macho. Nikimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Hata mkono hajanishika tangu Pasaka."

Nilimsikiliza kwa dakika kumi, nikamjibu kwa dakika arobaini. Nilimwambia afanye novena. Nilimwambia apike vizuri, apunguze malalamiko, na achunguze kama hakuna mwanamke mwingine. Kisha nikaenda kwa mumewe, nikaketi nyumbani kwake, watoto wake wakinisikia, nikamhubiria juu ya uvivu na wajibu wa kichwa cha familia. Alinisikiliza ameinama, hakusema neno. Nilitoka pale nikiamini kwamba ametubu.

Baada ya majuma matatu alijaribu kujitoa uhai. Majirani walimuwahi, Mungu ashukuriwe. Alipozinduka hospitalini alikuta pingu mkononi, maana wakati huo kifungu cha 226 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kilimhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu, na kiliweza kumfunga hadi miaka miwili. Fikirini, wapendwa: mtu amechoka kuishi, na sisi tunamtisha kwa jela. Kifungu hicho kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Lakini pingu alizifunga serikali. Maneno yaliyotangulia pingu yalikuwa yangu. Mume na mke wale wameniruhusu kuyaandika haya, na nimewasomea ukurasa huu kabla ya kuupeleka kwa mhariri.

Sasa nifike kwenye jambo kubwa nililojifunza. Mke wa fundi aliona kila kitu. Aliona usingizi, chakula, macho, mikono. Mimi nami nikaambiwa kila kitu. Tulichokosa wote wawili ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe swali lile lenyewe. Yule daktari alitufundisha kuuliza waziwazi: "Je, umefikia mahali pa kutamani kufa? Umewahi kufikiria kujiua?"

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama akasema lile ambalo sote tulikuwa nalo moyoni: je, ukimuuliza mtu hivyo si unampa wazo ambalo hakuwa nalo? Daktari akajibu kwamba hapana, na kwamba jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Asiyekuwa na wazo hilo atakujibu tu kwamba hana, na pengine atakushangaa. Aliyekuwa nalo hupumua, kwa maana amepata mtu wa kushika naye mzigo. Ukimya ndio unaoua.

Na akijibu ndiyo? Usipige kelele, usimkumbushe watoto kwa kumlaumu, usimwambie kwamba anamkosea Mungu. Kaa naye. Usimwache peke yake. Dawa za shamba, zile za mahindi na za kuogeshea ng'ombe, zifungiwe, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Siku hiyo hiyo mwende naye hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo lina nambari ya simu 1199, ambayo hupigwa bila malipo, na huko utampata mtu wa kukusikiliza. Watu wetu wakisikia daktari wa akili hufikiria Mathari tu, ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1910, na hofu yake imerithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Lakini mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huko watakuelekeza, na hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki ya magonjwa ya akili ambako mtu huhudumiwa asubuhi na mchana akarudi kwake.

Siku ya pili Misa iliongozwa na padre aliyesomea pia ushauri nasaha. Mahubiri yake yalitoka katika Kitabu cha Tobiti, kitabu ambacho wengi wetu hatukifungui ila siku ya arusi. Tunakumbuka Tobia na Sara walivyosali pamoja usiku ule wa kwanza, na tunasahau yaliyotangulia.

Mzee Tobiti alikuwa mtu mwema, aliyezika wafu wasiokuwa na mtu wa kuwazika. Akapofuka macho, asiweze tena kutunza nyumba yake. Mkewe Ana ndiye aliyetoka kufanya kazi ya mikono kwa ujira. Siku moja wenye kazi walimlipa, wakamwongezea mwanambuzi. Tobiti aliposikia mbuzi analia nyumbani hakuuliza kwa upole. Alimshuku mkewe kuwa ameiba, akamwamuru amrudishe kwa wenyewe. Ana naye, mwili umechoka kwa kibarua, akamchoma kwa maneno: akamuuliza matendo yake mema yote yamemfikisha wapi. Mzee akalia, akamwomba Mungu amwondoe duniani. Na siku hiyo hiyo, katika mji wa mbali wa Ekbatana, Sara aliyekuwa amefiwa na waume saba alitukanwa na mjakazi wa babake, akapanda chumba cha juu akiwa na wazo la kujinyonga. Akamfikiria babake na aibu itakayompata, akasali dirishani badala yake.

Padre akatuuliza: ugomvi ule ulikuwa wa mbuzi? Mume alikuwa na uchungu wa kutokuwa na kazi. Mke alikuwa na uchungu wa kubeba nyumba peke yake bila shukrani. Kila mmoja alikuwa na kidonda, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa wapi, basi mbuzi wa watu akabeba lawama. Nikawaza nyumba ninazozijua kule kwetu. Kuna nyumba iliyogombana mwaka mzima juu ya chumvi.

Angalieni pia Mungu alivyojibu. Hakumkemea Tobiti wala Sara kwa kutamani kufa. Alisikia sala zote mbili kwa wakati mmoja, akamtuma malaika Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni kwamba Mungu huponya. Na Rafaeli hakuja na maneno matupu. Alimwagiza Tobia achukue nyongo ya samaki, na hiyo ndiyo iliyopakwa machoni pa mzee hata akaona. Sala ilikuwapo na dawa ilikuwapo, wala hazikugombana. Anayetaka zaidi asome sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, ambako tunafundishwa kumheshimu tabibu na kumwomba Mungu, yote mawili katika sura moja. Kwa hiyo mhubiri yeyote anayekuambia umnyang'anye mwenzako vidonge ili uonyeshe imani, mkimbie. Sisemi hivi kwa kuidharau sala. Mimi ni mtu wa rozari. Lakini sakramenti ya kitubio ni dawa ya dhambi, na ugonjwa si dhambi. Mgonjwa aitiwe padre, azungumze naye juu ya Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, kama tunavyofanya kwa mgonjwa mwingine yeyote, na siku ya kliniki apelekwe kliniki.

Juu ya hizo dawa, wana ndoa wajue mambo machache. Dawa nyingi za dipresheni hazifanyi kazi kama aspirini. Huchukua majuma kadhaa kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na mara nyingi taabu ndogo za mwili humpata kabla ya nafuu yenyewe. Hapo ndipo wengi huziacha. Wengine huziacha wakishapona kidogo, bila kumuuliza daktari, na ugonjwa ukarudi na nguvu zaidi. Pombe haichanganywi nazo. Mume au mke akienda kliniki pamoja na mwenzake atayasikia haya kwa masikio yake mwenyewe, na ataweza kumweleza daktari mambo ambayo mgonjwa amesahau au anaona haya kuyasema. Hata hamu ya tendo la ndoa huweza kupungua, kwa ugonjwa au kwa dawa. Mwambieni daktari. Msianze kushukiana.

Nilirudi nyumbani jioni ya siku ya tatu. Mke wangu alikuwa jikoni akipukuchua mahindi kwenye ungo. Tumeoana miaka 19, na sina haja ya kuwaficha kwamba nilitaka kumfanyia majaribio tu ya yale niliyofundishwa, kama mtoto wa shule anayerudi na wimbo mpya. Nikaketi, nikamuuliza: "Mama watoto, umewahi kufikia mahali ukatamani kufa?"

Aliendelea kupukuchua. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema: "Mwaka ule wa mtoto wa tatu."

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa 2011. Mke wangu akanieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba baada ya kujifungua alikaa miezi mingi bila kuhisi kitu chochote, hata kwa mtoto. Kwamba kila alipokwenda sokoni alipita njia ndefu ya juu, akiwa na mtoto mgongoni, ili asipite darajani. Aliliogopa lile daraja. Hakujiamini. "Ndiyo sababu nilikuwa nachelewa kurudi," akasema, "na wewe ukanigombeza kwa kuchelewa."

Nilikumbuka. Nilimgombeza kweli, tena zaidi ya mara moja. Mama yangu naye alikuwa akisema kwamba wanawake wa siku hizi wamelegea, kwamba yeye alijifungua asubuhi na jioni akateka maji. Mimi nilinyamaza, na ukimya wangu ulikuwa kama amina. Aliyemuokoa mke wangu ni muuguzi wa kliniki ya chanjo ya watoto, aliyemtazama usoni akamuuliza analala vipi. Yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Mke wangu alimeza vidonge kwa miezi minane, na mimi nilidhani ni vya kuongeza damu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuniuliza," akasema. "Uliuliza chakula kiko wapi."

Mkutanoni tulikuwa tumeambiwa kwamba baadhi ya akina mama hupatwa na ugonjwa huu baada ya kujifungua, kwamba si uvivu wala si kukosa upendo kwa mtoto, na kwamba hutibika. Nilikuwa nimeyaandika hayo vizuri daftarini, na mstari chini yake. Sikujua kwamba naandika habari za nyumba yangu.

Wapendwa, mbele ya altare kila mmoja wetu aliahidi kuwa mwaminifu, na ugonjwa ulitajwa katika ahadi ile. Hatukuorodhesha ni ugonjwa gani. Mtu akivunjika mguu, jumuiya ndogo ndogo huja na unga, kuni na sukari. Akiugua akili, jumuiya ile ile huja na uvumi. Nimeona mke akimficha mume wake chumbani miezi mingi, akiwaambia watu kwamba amesafiri, kwa sababu anaogopa watoto wao wa kike hawataolewa. Huyo mke naye ataugua. Anayemuuguza mgonjwa wa akili anahitaji mtu wa kumpokea hata kwa nusu siku, alale, aoge, aende Misa. Jumuiya inayotaka kazi ya huruma, kazi ndiyo hiyo.

Najua kuna wanaosoma haya wakiwa na swali lingine: na akinipiga? Ugonjwa si ruhusa ya kupiga. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, lakini kama maisha yako au ya watoto yamo hatarini, ondoka mwende mahali salama, kisha tafuta msaada kwa ajili yenu na kwa ajili yake. Kanisa halikufungi ndani ya nyumba inayoweza kukuua. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu kutengana kwa sababu ya hatari kubwa ya roho au mwili. Kutengana huko si kuvunja ndoa. Na wanaouliza kama ugonjwa uliokuja baada ya ndoa unaifuta ndoa yenyewe, jibu ni hapana. Ikiwa mmoja alikuwa mgonjwa sana siku ya arusi, asiweze kujua anachokubali au kukibeba, hilo ni jambo la mahakama ya jimbo, na paroko ndiye atakayewaelekeza. Mimi na wewe tusilihukumu barazani.

Jambo lingine lazima niliseme, kwa ajili ya wajane na wagane walioachwa kwa njia ile ya kuhuzunisha. Kuna sehemu zetu ambako aliyejiua huzikwa nje ya boma, kwa haraka, bila nyimbo, na mjane huangaliwa kama muuaji. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi, na wazee wetu waliikumbuka hiyo. Sheria ya 1983 ililiondoa katazo hilo. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2280 hadi 2283, inafundisha kwamba kujiua ni kosa zito dhidi ya uhai, lakini pia kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu au hofu kubwa huweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, maana Mungu ana njia anazozijua yeye. Kanisa huwaombea. Papa Yohane Paulo II naye alihutubia mkutano wa Vatikani kuhusu magonjwa ya akili mwezi Novemba 1996, akafundisha kwamba anayeugua akili hubeba daima sura na mfano wa Mungu. Kwa hiyo mjane wa namna hiyo akileta nia ya Misa, apokewe kama mjane mwingine yeyote.

Na kama kuna anayeona aibu kwamba ugonjwa huu umeingia katika nyumba ya wacha Mungu, amfikirie Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Baba yule alilazwa mwaka 1889 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, akakaa humo miaka mitatu. Mkewe Zélie alikuwa amekwisha kufa mwaka 1877. Watu wa mji wao hawakukosa la kusema: walinong'ona kwamba ni binti zake waliomuugua kwa kumwacha na kuingia utawani. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, wana ndoa wa kwanza kutangazwa pamoja. Miaka ile mitatu ya hospitali haikumzuia.

Juma lililofuata baada ya mkutano nilimwomba mke wangu anisindikize kwa fundi seremala. Siku hizi yeye amerudi kwenye karakana yake, na mabenchi mapya manne ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake. Bado humeza dawa, na mkewe ndiye anayeshika tarehe za kliniki. Tulipoketi nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa siku ile ya 2018, mbele ya mkewe na mbele ya wangu.

Alikaa kidogo. Kisha akasema: "Mwalimu, siku ile nilitaka kukuomba kitu kimoja tu. Unyamaze kidogo nikuambie."

Nikamuuliza kama angependa kuniambia sasa. Mkewe alileta chai, na tulikaa pale hadi saa nne za usiku. Safari hii yeye ndiye aliyezungumza.